Jongoo wa Bamburi: Matembezi ya Ahali Moja katika Msitu Uliooteshwa Juu ya Jiwe

Aulizwapo mtu wa Mombasa siku ya Jumamosi atawapeleka wapi watoto wake, aghalabu jibu huwa tayari ulimini kabla ya swali kwisha: pwani. Atataja Pirates, au atataja Mama Ngina, wakanywe madafu na kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, au, akiwa mtu wa kupenda habari za kale, atawapitisha Fort Jesus wakatazame mizinga. Na hapana aibu katika lolote la hayo, kwani bahari ni neema tuliyopewa bure, na kila aliyezaliwa kisiwani ana haki ya kuitia miguu. Walakini kuna mahali pengine, kando ya barabara ya Malindi, mbele ya Kongowea na Bombolulu, ambapo wengi wetu tulifikishwa katika umri wa skuli, ndani ya basi lililojaa nyimbo, tukamtazama twiga, tukamtazama kiboko, tukarudi makwetu bila ya kujua tulikuwa tumesimama juu ya nini. Mahali hapo ni Haller Park ya Bamburi, pamoja na njia za msituni zilizo jirani yake. Dai langu ni kwamba hayawani wa kwanza kustahili ziara pale si twiga wala kiboko, bali ni jongoo, na kwamba katika ahali nzima mtoto ndiye awezaye kumwona ipasavyo, kwa sababu macho yake yako karibu na ardhi na hana haraka ya kufika popote.

Tulikwenda watu wa marika matatu. Alikuwapo mama yangu mzazi, ambaye wajukuu wake humwita Bibi na ambaye alikubali kutoka kwa sharti la kuchukuliwa chupa yake ya chai. Alikuwapo mke wangu, aliyeamka alfajiri kukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, kwa itikadi yake kwamba matembezi yasiyo na chakula cha nyumbani ni uzururaji. Na walikuwapo watoto wawili, binti aliyeingia katika umri wa kuuliza kila jambo mara mbili, na mdogo wake wa kiume ambaye bado huuliza mara moja tu na kuridhika na jibu lolote. Tulipanda matatu za Mtwapa, tukashuka mapema, kabla ya jua kupata nguvu, na hilo ni shauri ninalompa kila mzazi: fika asubuhi, maana kuanzia saa sita watoto huchoka, wazee hukasirika, na wanyama wenyewe hutafuta vivuli wakalala.

Mtu mzima aingiapo pale huona miti. Mwanangu wa kiume aliona ukuta. Nyuma ya majani, upande wa pili wa kidimbwi, palisimama jiwe lililokatwa wima, refu kupita nyumba ya ghorofa, lenye rangi ya kijivu iliyopauka, na mizizi ya mtini ikiteremka juu yake kutafuta maji.

“Baba, huu ukuta ni wa nyumba ya nani?” akauliza.

Haukuwa wa nyumba ya mtu. Ulikuwa ni ukingo wa timbo, na sisi tulikuwa tumesimama ndani ya shimo. Nilimsogeza karibu ili aone kwamba jiwe lile si jiwe tupu: mna ndani yake mishipa ya matumbawe, na vipande vya kombe, na alama za viumbe vilivyoishi chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko yalivyo leo na Bamburi yote ilikuwa mwamba wa baharini. Jiwe la namna hiyo ndilo lililojenga Fort Jesus tangu mwaka 1593, na ndilo lililojenga nyumba za Mji wa Kale, na likichomwa juu ya magogo hutoa chokaa ambayo mafundi wetu waliipaka kutani vizazi kwa vizazi. Bibi, aliyekuwa amekaa juu ya benchi akijipepea kwa upindo wa leso, akadakia kwamba yeye aliyaona matanuu ya chokaa kwa macho yake alipokuwa kigori, na moshi wake ulikuwa ukitia kikohozi mtaa mzima. Kwa hiyo sisi watu wa pwani hatuna haki ya kumnyooshea mtu kidole kwa kuchimba. Tumechimba daima. Kilichokuja kuzidi ni kasi.

Kasi hiyo ilikuja na kiwanda. Kampuni ya saruji ya Bamburi iliasisiwa mwaka 1951, na mwaka 1954 tanuri zake zikaanza kazi; na kwa kuwa saruji haipatikani ila kwa kusaga mawe ya chokaa pamoja na udongo na kuyachoma katika moto unaokaribia digrii 1,450, basi kila gunia lililopanda juu ya lori liliacha nafasi tupu mahali fulani ardhini. Mashine zilikula mwamba hadi zikakaribia maji yaliyo chini, maji yenye chumvichumvi, kisha zikahamia mbele. Nyuma yao pakabaki uwanja mweupe usio na udongo, usio na jani, ambao jua la adhuhuri liliugeuza kuwa sahani ya chuma iliyosahauliwa motoni. Nyumba zilizojengwa kwa saruji hiyo tunakaa ndani yake. Nilimwambia mwanangu hivyo, naye akaridhika, kama ilivyo ada yake. Dada yake hakuridhika, akataka kujua ni nani aliyerudisha miti.

Jibu lake lina jina. René Haller, mtu wa Uswisi aliyesomea kilimo cha nchi za joto, aliajiriwa na kampuni hiyo mwaka 1959 kutunza mashamba na bustani zake, na mwaka 1971 ndipo alipoanza kazi ya kulitibu shimo. Alipanda miche ya aina 26 katika mashimo madogo yaliyotobolewa juu ya jiwe. Baada ya miezi michache ikawa imekufa yote isipokuwa ya aina tatu: mnazi, mti mmoja wa asili ya Somalia wa jamii ya Conocarpus, na mvinje. Mimi huona kwamba katika hadithi hii jambo la ajabu ni hilo la mvinje, kwa sababu ni mti tuliouzoea mno hata hatuutazami. Umejaa kando ya pwani yetu, nguzo zake huzishikilia dari na majukwaa ya mafundi mji mzima, na hapana mtoto wa Mombasa ambaye hajachomwa nyayo na vile vitunda vyake vyenye miba. Kumbe ndio mti uliojua kuishi mahali pasipo na chakula. Mizizini mwake hukaa vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuupatia mti rutuba ambayo ardhi haina, na majani yake, ambayo kwa hakika ni vijitawi vyembamba vya kijani, hupunguza upotevu wa maji juani. Ukichukua kijitawi kimoja ukakivuta taratibu, hukatika katika pingili zake, na kwa mkono mtulivu waweza kukirudisha kana kwamba hakikukatika. Binti yangu aligundua mchezo huo peke yake, na tangu hapo ilikuwa muhali kumwendesha mwendo wa kawaida.

Basi mivinje ikamea, ikarefuka, ikaangusha majani. Na hapo ndipo shauri la Haller lilipokwama. Majani ya mvinje yana dawa kali ya kuzuia uozo, na katika shimo lisilo na wadudu wala udongo wa kuyapokea, yalilala juu ya jiwe vile vile yalivyoanguka, tabaka juu ya tabaka, makavu. Msitu ulikuwa umesimama, lakini haukuwa na ardhi. Hapana mti mwingine ambao ungeweza kuota chini yake, na mivinje ikisha kuzeeka shimo lingerudi kuwa shimo. Siku moja akamwona jongoo, wale weusi wakubwa wenye miguu myekundu tuwajuao sote, akitafuna majani hayo bila ya kujali ukali wake. Akaamuru wakusanywe jongoo wengi kutoka vichakani, wakaachiliwa chini ya mivinje, wakala, wakazaana, na walichokitoa tumboni kikawa udongo. Msitu ule, hashakum si matusi, umesimama juu ya mavi ya jongoo.

Niseme ukweli kwamba hakuna sentensi niliyopata kuitamka katika maisha yangu ya uzazi iliyopokewa kwa shangwe kama hiyo. Mwanangu aliirudia hadi mama yake akamkanya. Lakini dada yake alikwisha kuchutama katikati ya njia, kwani yule aliyekuwa akisimuliwa alikuwa pale pale, mbele ya viatu vyake, urefu wa shibiri au karibu yake, akivuka njia bila ya wasiwasi.

Hapo ikazuka hitilafu ya marika. Bibi, ambaye katika nyumba yake jongoo hutolewa kwa kijiti na vyote viwili vikatupwa nje kwa pamoja, kama methali isemavyo kuwa mtupa jongoo hutupa na mti wake, alikunja uso.

“Mwache huyo, mjukuu wangu. Atakutia uvundo.”

Kijana aliyekuwa akituongoza, mtu wa adabu, akamjibu kwa taadhima: “Ni kweli, Bibi, akibughudhiwa hujikunja na kutoa maji yenye harufu, na yakigusa kidole huacha doa. Lakini akiachwa aende zake hana neno na mtu.” Kisha akamwonyesha binti yangu namna ya kuweka jani mbele ya njia ya mnyama yule na kungoja. Tukangoja. Jongoo alifika, akalipapasa jani kwa pembe zake mbili fupi, akasita, halafu akaanza kulila kutoka ukingoni, na katika ukimya wa asubuhi ile, mbali na barabara, nadhani tuliisikia sauti ya kutafuna, ingawa mke wangu ashikilia kwamba ilikuwa ni upepo.

Binti yangu alijaribu kuhesabu miguu. Kazi hiyo si nyepesi, kwa sababu miguu ya jongoo haiendi pamoja. Hupita wimbi kutoka nyuma kwenda mbele, na macho yakilifuata wimbi hilo hesabu hupotea. Mwongozaji akamfundisha hila: usihesabu miguu, hesabu pingili za mwili, kisha ujue kwamba kila pingili ina jozi mbili, isipokuwa zile chache za karibu na kichwa. Alihesabu kwa kidole kilichokuwa hewani, akiogopa doa, midomo yake ikienda bila ya sauti. Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameinuka kwenye benchi, ameinama nyuma ya mjukuu wake, leso imeteremka begani, naye akihesabu.

“Kumbe yuala majani,” akasema. “Mimi miaka yote hii nilidhani yuala taka.”

Mwongozaji akachokora kidogo chini ya mvinje kwa ncha ya kijiti. Juu palikuwa na majani makavu, rangi ya kahawia. Chini yake vidonge vidogo vidogo vyeusi, mithili ya punje. Na chini ya vidonge udongo laini wenye unyevu. Kidole cha mtu mzima kilizama hadi pingili ya pili kabla ya kugonga jiwe. Huo ndio unene wa kazi yenyewe, mahali pale tuliposimama, baada ya nusu karne. Kwingine, akasema, ni zaidi. Katika udongo huo ndimo ilimopandwa na kujiotea miti mingine baada ya mivinje, na ndege wakaleta mbegu za mitini, na mitini ikaleta ndege wengine, na madimbwi yakachimbwa yakafugwa samaki; na mwaka 1984, palipokuwa pamekwisha kupata sura ya kupendeza, watu wakafunguliwa milango. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ulimtia Haller katika orodha yake ya heshima iitwayo Global 500. Jongoo, kwa kadiri nijuavyo, hakutiwa katika orodha yoyote.

Najua kwamba msomaji mwenye watoto anangoja habari za kiboko, nami sitamnyima. Kisa cha Owen na Mzee kimeenea ulimwenguni, na watoto wetu walikijua kabla ya kuzaliwa hamu yao ya kukiona mahali kilipotokea. Mwisho wa Disemba 2004, mafuriko yakiwa yamemtoa mtoni Sabaki na mawimbi ya tsunami yakiwa yamemwacha peke yake mwambani huko Malindi, mtoto wa kiboko mwenye uzito wa zaidi ya kilo 250 alinaswa kwa nyavu na watu wengi waliotoka jasho, akapewa jina la mmoja wao, akaletwa Bamburi. Alipofunguliwa alimkimbilia kobe mmoja mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra, mzee aliyekisiwa kuwa na miaka kama 130, akajificha nyuma ya gamba lake. Kobe kwanza alikataa usuhuba huo, akasogea, kiboko akamfuata, kobe akasogea tena, hatimaye wakawa wanalala pamoja na kula pamoja. Baadaye Owen alipelekwa kuishi na kiboko wa kike aitwaye Cleo, jambo lililo la busara, kwani kiboko akikua ni mzito kwa gamba la rafiki. Kisa ni kizuri na kimeandikwa kitabu. Lulu yake, kwa maoni yangu, si mapenzi yanayosifiwa na wageni, bali ni ukaidi wa yule kobe katika siku za mwanzo, ambao kila mzazi aliyepata kufuatwa na mtoto hadi mlango wa choo atauelewa.

Makobe wenyewe tuliwakuta wamelala njiani, wazito na wenye mikunjo shingoni, wakitaka wapitwe wala si kupisha. Mwanangu alisimama mbele ya mmoja, uso kwa uso, kwa muda ambao kwa tabia yake ni mrefu. Mamba tuliwapita haraka, kwa kuwa mamba hafanyi kitu. Nyoka Bibi alikataa kuwaona. Twiga walitulipa haki yetu: mtu hupanda jukwaa, hupewa punje za chakula kiganjani, na ulimi mrefu mweusi hushuka ukazifagia zote kwa mara moja, ukaacha ute ambao watoto huufuta katika nguo za mama yao. Ni burudani, na siidharau. Lakini foleni ni ndefu, kelele ni nyingi, na nimeona pale mzazi akimwinua mtoto anayelia ili apate picha ya mtoto anayecheka.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii: maliza twiga mapema, kisha uende zako kwenye njia za msituni, zile ziitwazo Forest Trails, ambazo zimo katika sehemu nyingine ya matimbo yale yale. Huko hapana jukwaa wala saa ya kulishwa mtu. Kuna njia za kutembea, za kukimbia na za baiskeli, zinazopinda chini ya mivinje na kando ya maji, na wenye kuzitumia aghalabu ni watu wa mtaani, vijana wa mazoezi wenye jasho na akina mama wa buibui waliovaa raba, wakitembea wawili wawili huku wakisemezana habari za harusi. Tuliwaona kima wakiruka juu ya vichwa vyetu, na mdiria mmoja wa rangi ya samawati aliyekaa juu ya tawi kavu akipiga hesabu ya samaki. Mbali na hayo hatukuona kitu cha kutangazwa. Watoto walikwenda mbele, wakarudi, wakaokota vitunda, wakavitupa majini, wakagombana, wakapatana. Na mke wangu, ambaye juma zima hana nafasi ya kusema nami maneno kumi yasiyohusu karo, gesi au kazi, alipata wasaa wa kunisimulia jambo refu kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika mji ambao uwanja wa wazi ukionekana leo huzungushiwa mabati kesho, kivuli cha kutembea ndani yake pamoja na jamaa zako ni mali, na mali hiyo imo katika ardhi ya kampuni, si ya kaunti wala ya serikali. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni yenyewe ilipita mikononi mwa Amsons wa Tanzania, baada ya miaka mingi chini ya mabwana wa Ulaya. Bibi, nilipomweleza hayo tukiwa tumetandika mkeka na kufunua mahamri, aliuliza kama waliouza waliwahesabu na jongoo.

Kima walitaka kujiunga nasi katika chakula. Funga vyombo vyako vizuri, na usiwape hata kipande, kwani aliyepewa leo kesho hunyang'anya. Chukua maji mengi kuliko unavyodhani yatatosha, valisha watoto viatu vya kufunika vidole kwa sababu ya ile miba ya mvinje, na uweke akiba ya nauli ya tuktuk, maana mwendo wa kurudi kituoni Mtambo kwa miguu midogo iliyokwisha kuchoka una machozi ndani yake. Binti yetu alifika nyumbani na hesabu ya pingili 54, ambayo ndugu yake anaipinga bila ya kuwa na hesabu ya kwake. Safari ijayo wameomba Nguuni, upande wa Kiembeni, kuliko na mbuni na mikoma na uwanja mpana wa kutazamia jua likichwa. Na Bibi amekwisha kutoa idhini, kwa sharti kwamba hatapandishwa ngazi yoyote, na kwamba mbaazi za safari hiyo atazipika yeye mwenyewe, kwa kuwa zile za leo zilipungukiwa na nazi.